Mstari wa jiwe la jikoni na mapafu ya vijana wetu

Mara nyingi nafasi hii tunaitumia kusema juu ya bei ya kasiterite, juu ya mizani ya wanunuzi, juu ya vizuizi vya njiani. Leo tunasema juu ya jikoni. Tena si jikoni kwetu. Hapa Buleusa tunapikia kwenye mafiga, mwenye nafasi kidogo anapikia kwenye mbabula, na meza ya jikoni ni mbao mbili tatu zilizopigwa misumari. Basi wengine watauliza: sendika imekosa kazi sasa, inaandika juu ya meza za mawe za matajiri? Ngojeni kwanza.

Kuna kijana wa kwetu tunayemjua tangu siku alipoingia shimoni. Alichimba miaka sita. Vita ilipozidi akashuka Goma kama wengine, na huko akapata kazi kwa fundi anayeweka karo na mawe ya jikoni. Kwetu sisi ilikuwa kama kupanda cheo: hakuna giza, hakuna ukuta wa kukuangukia, hakuna mtu wa kukudai pesa unapotoka na mfuko wako. Tulimsifu. Tulisema, huyu amejiokoa.

Miaka miwili ikapita. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kwenye nyumba ya mnunuzi wa madini, mtu ambaye pesa yake ukiifuata nyuma inarudi mpaka kwenye mashimo yetu. Jiko lilikuwa na kona, na mabamba mawili ya jiwe yalikutana pale. Mwenye nyumba alikuja, akapitisha kidole, akasema: "Ile mustari sitaki kuiona. Muisage mpaka ipotee." Fundi hakubisha, maana pesa ya mwisho ilikuwa bado mkononi mwa tajiri. Kijana akasaga siku tatu kwa mashine ya diski, ndani ya nyumba, bila maji, kwa sababu makabati ya chini yalikuwa ya mbao mpya na maji yangeyavimbisha. Madirisha yalifungwa. Mlango wa saluni ukazibwa kwa plastiki ili vumbi lisiguse viti. Viti vililindwa! Kijana yeye alikuwa na kitambaa cha pua, kile tulichozoea wakati wa Korona. Anasema jioni akitoka watoto wa barabarani walimcheka, nyusi nyeupe kama za muzee.

Leo yuko hapa kwa mama yake. Akipanda kilima cha kwenda shamba anapumzika mara nne. Amekunywa dawa za kifua kikuu miezi sita, na makohozi yake yalipimwa mara mbili bila kuonekana mdudu. Tulimwuliza: ulimwambia muganga kama ulikuwa unakata mawe? Akajibu: hakuniuliza, na mimi sikufikiri ni jambo la kusema.

Sisi si madaktari, na hatutasema siku tatu zile ndizo zilimharibu. Kabla yake kulikuwa na miaka sita ya shimo na miaka miwili ya mashine. Lakini vumbi ni lile lile, na hapo ndipo tunataka mtufuate.

Kila mchimbaji analijua jiwe jeupe. Likionekana ukutani tunafurahi, kwa sababu dhahabu mara nyingi inatembea ndani yake, na kasiterite pia. Tunalifuata, tunalivunja, tunalitwanga. Waliosoma mambo ya mawe wanaliita kwatsi. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa silika, na jiwe likivunjwa silika hiyo inaruka pamoja na vumbi. Vumbi unaloliona likicheza kwenye mwanga wa jua si lile baya kuliko yote. Baya ni lile lisiloonekana kwa macho: linapita puani, linapita kooni, linafika chini kabisa kwenye mapafu na halitoki tena. Mapafu yanalizungushia kovu, kovu linaongezeka mwaka kwa mwaka, hata ukiisha kuacha kazi, na siku moja mtu anakosa pumzi akifunga tu viatu. Ugonjwa huo unaitwa silikozi. Hauna dawa ya kuuponya. Tena mwenye silikozi anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine, ndiyo maana magonjwa hayo mawili yanachanganywa, na mtu anaweza kuwa nayo yote mawili kwa pamoja. Tangu 1997 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani wameliweka vumbi hilo kwenye orodha ya vitu vinavyoleta kansa ya mapafu.

Sasa, yale mabamba ya jikoni yanayoletwa kutoka ng'ambo na kuuzwa kwa jina la kwatsi hayakuchimbwa hivyo yakiwa mazima. Ni jiwe jeupe lilelile letu, limesagwa kiwandani, likachanganywa na gundi na rangi, likashindiliwa kuwa bamba. Silika yake mara nyingi inapita 90 kwa mia. Graniti ya kuchimbwa inayo pia, lakini kidogo zaidi, mara nyingi kati ya 20 na 40 kwa mia. Marumaru inayo kidogo sana. Na mawe meusi ya Goma, yale ya Nyiragongo ambayo nusu ya mji imejengwa nayo, hayana kwatsi ndani. Hatusemi vumbi lake ni zuri, hakuna vumbi zuri kwa kifua. Tunasema tu kwamba fundi aliyechonga jiwe la volkano miaka mingi bila taabu anajidanganya akidhani bamba la dukani ni jiwe kama lingine.

Tuje basi kwenye ule mstari wenyewe, maana tumewauliza mafundi, na walichotuambia kinafaa mtu yeyote anayefanya kazi hiyo au mwenye mtoto anayeifanya.

Bamba moja lina urefu wa karibu mita tatu. Jiko likiwa refu zaidi, au likiwa na kona, mabamba mawili lazima yakutane. Hakuna fundi wa Goma wala wa Ulaya anayeweza kukwepa hilo. Yakikutana vizuri, nafasi kati yao ni milimita moja na nusu hivi, au mbili. Mstari utakuwepo. Kuna jiko ambamo unautafuta kabla ya kuuona, na kuna jiko ambamo unakupigia kelele tangu mlangoni, lakini tofauti hiyo haitoki kwenye kusaga mwishoni. Inatoka kwenye kazi iliyofanyika kabla bamba halijaingia nyumbani.

Ukiona mstari mnene wenye meno meno, diski ya kukatia ilikuwa imechakaa ikavunja kingo. Ukiona upande mmoja mweupe na mwingine unaelekea kijivu, muuzaji alitoa mabamba kutoka makundi mawili tofauti, moja hapa moja pale, na fundi akapokea bila kuyaweka pamoja juani ayatazame. Mishipa ya rangi ikifika kwenye mstari na kukatika kama barabara iliyofika mtoni ikakuta daraja limekwenda na maji, hakuna aliyeyapanga chini kwanza. Mstari mweusi juu ya jiwe jeupe ni gundi ambayo haikuchanganywa rangi, au ni kingo ambazo hazikusafishwa. Na kidole kikipita kikajikwaa, makosa yako chini: kabati halikulingana, bamba moja limekaa juu kuliko jingine.

Hilo la mwisho ndilo linalowafanya watu washike mashine. Wanasema, tusage upande ulio juu mpaka ulingane. Na hapa tunataka mwenye nyumba asikie, yeye zaidi kuliko fundi: kusaga huko hakukupi unachotaka. Uso wa bamba uling'arishwa kiwandani na mashine kubwa, kwa maji, hatua kwa hatua. Ukiusaga kwa mkono pale penye mstari unauondoa mng'aro wote, na kuurudisha sawasawa kwa mkono ni vigumu mno. Unabaki na utepe uliofifia, upana wa kiganja, na kila jua likiingia unauona. Ulitaka kuficha uzi, umejinunulia mkanda.

Dawa yake ni nyingine, na haina vumbi. Gundi ikatwe, bamba lililo chini liinuliwe, vipande vyembamba vitiwe chini yake mpaka vidole visijikwae, kisha liunganishwe upya. Kama shida ni rangi ya gundi tu, gundi ya zamani inapashwa moto kidogo ilainike, inatolewa kwa kisu chembamba, kingo zinasafishwa vizuri, inatiwa gundi iliyochanganywa rangi ya jiwe, na ile inayozidi inakwanguliwa kwa wembe. Dirisha liwe wazi, maana harufu ya gundi hiyo nayo si ya kunusa siku nzima. Kama bado ni wakati wa mchoro, mstari uwekwe mahali penye kabati imara chini yake, si katikati ya tundu la kuoshea sahani ambapo jiwe limebaki jembamba na linavunjika upesi. Na kukata na kusawazisha kingo kufanyike nje, kwenye karakana, diski ikimwagiwa maji muda wote, na mkataji avae barakoa ya kweli inayoshika uso, kwa sababu hata maji hayachukui vumbi lote. Kitambaa cha pua hakizuii vumbi la silika. Tuseme hivyo wazi, kwa sababu tajiri akikupa kitambaa anajiona amekulinda.

Wazee waliofanya kazi na wamisionari wanakumbuka sakafu za granito, zile za vipande vya mawe ndani ya saruji, ambazo bado ziko kwenye shule na makanisa ya zamani. Zilisuguliwa kwa maji, mchuruziko wa matope meupe ukipita chini ya miguu. Na fundi aliweka humo mistari kwa makusudi, ya shaba au ya kioo, ili ufa ukianza upande mmoja usitembee mpaka upande mwingine. Watu wametembea juu ya mistari hiyo miaka sitini, hakuna aliyelalamika kwamba anaiona.

Mtatuuliza, sendika ya wachimbaji inahusika wapi? Inahusika kwa sababu wanaokwenda kusaga mabamba hayo ni watoto wetu. Mtu aliyezoea nyundo na vumbi ndiye fundi anayemtafuta, maana hachoki na halalamiki. Anatoka kwetu akiwa tayari na vumbi la miaka ya shimo kifuani, anakwenda kuongeza la mjini juu yake. Akikohoa, anarudishwa kijijini na nauli ya basi. Mjini hakuna anayehesabu, kijijini hakuna anayeuliza.

Na tusijifanye wasafi. Hapa kwetu mambo yakoje? Kule Kamituga, Kivu ya Kusini, akina mama wanaotwanga mawe ya dhahabu wanaitwa twangaises, jina limetokana na kutwanga. Wanatwanga jiwe jeupe kwenye vinu vya chuma siku nzima, wengine mtoto mgongoni. Hatuwezi kumnyooshea kidole tajiri wa Goma kwa siku tatu za vumbi kama sisi wenyewe tunaacha mama zetu watwange makavu mwaka mzima mahali popote penye jiwe la kutwanga. Jiwe liloweshwe kabla ya kutwangwa. Kinu kiwekwe mahali upepo unapopita, na mtwangaji akae upande upepo unapotoka. Mtoto asikae hapo, hata kama hakuna wa kumwachia; tunajua ni vigumu kusema hivyo kwa mama asiye na mtu, na hapo ndipo koperative inapaswa kutafuta pesa ya kumlipa bibi mmoja awashike watoto.

Na nguo. Mchimbaji anarudi, anavua shati, mama analikung'uta mlangoni kabla ya kufua. Vumbi lile linaingia kwa mama, linaingia kwa mtoto anayetambaa. Lisikung'utwe. Litiwe ndani ya maji likiwa hivyo hivyo, peke yake, mbali na nguo za watoto. Hilo halihitaji serikali wala mfadhili.

Watu wengine wanasema: magonjwa ya kazi ni ya kila mahali, mutafanya nini? Tuwajibu kwa mifano miwili.

Huko Australia vijana waliokata mabamba haya ya jikoni walianza kuugua silikozi wakiwa wadogo, baada ya miaka michache tu, si miaka ishirini kama tulivyozoea kusikia kwa migodi. Sendika yao kubwa ya wajenzi ilitangaza mwishoni mwa 2022 kwamba kama serikali haitakataza, wanachama wake wenyewe hawatayashika tena mabamba hayo kuanzia katikati ya 2024. Mawaziri wakakubaliana Desemba 2023, na tangu tarehe 1 Julai 2024 ni marufuku nchi nzima kuyatengeneza, kuyauza na kuyaweka. Ni nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Na watu wa Australia hawakuacha kupika. Walichagua vifaa vingine, ndiyo basi.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Afrika ya Kusini, wachimbaji wa dhahabu waliougua silikozi na kifua kikuu walipeleka makampuni mahakamani kwa pamoja. Mwaka 2018 makampuni sita yalikubali kutoa randi bilioni 5, na mahakama ikaidhinisha mapatano hayo Julai 2019. Waliokuja kuchimba kutoka Lesotho na Msumbiji waliingizwa pia, pamoja na familia za waliokufa. Lakini kila anayedai anapaswa kuonyesha kwamba kweli alifanya kazi katika migodi ile, na tangu lini. Mjane mwenye karatasi anasikilizwa. Mjane asiye na karatasi anahangaika.

Sisi tuna karatasi gani? Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inataka mchimbaji wa mkono awe ndani ya koperative. Haya, tuko ndani. Lakini koperative nyingi zinajua tumetoa kilo ngapi na hazijui tumekaa shimoni miaka mingapi. Kilo zinaandikwa, mtu haandikwi. Kijana yule wa jiwe la jikoni, siku moja akitaka kudai haki yake, nani atasema alichimba miaka sita? Na kwa ile kazi ya Goma, hakuwa na mkataba, hakuwa na kadi ya kazi, bamba la jina la fundi lilikuwa namba ya simu kwenye ukuta, na namba hiyo haipokei tena.

Kwa hiyo tunaomba mambo haya, na tutayafuatilia. Kila koperative ifungue daftari la watu: jina, mwaka wa kuingia, shimo gani, kazi gani, mwaka wa kutoka na alikokwenda. Si kazi ya siku moja lakini ni kazi ya kalamu tu. Wakuu wa afya wa kwetu tunawaomba waongeze swali moja kwa kila mwanaume au mwanamke anayekohoa zaidi ya wiki mbili: umefanya kazi gani, na miaka mingapi? Na wagonjwa wasingoje kuulizwa, waseme wenyewe: nimechimba, nimetwanga, nimekata mawe. Dawa za kifua kikuu zisikatwe kwa sababu ya maneno yetu haya. Anayezinywa amalize, ila aombe pia kupigwa radio ya kifua.

Kwa wenye kujenga, wa Goma, wa Butembo na kwingine, tuna ombi fupi. Mkinunua bamba, ulizeni limetengenezwa na nini. Lipeni karakana yenye maji hata kama bei inaongezeka kidogo. Na mstari ukionekana, fundi aurekebishe kwa njia tulizotaja hapo juu. Ukibaki bado unaonekana kidogo, uacheni. Ni mahali ambapo mawe mawili yamekutana, hakuna aibu ndani yake.

Kwa vijana wetu mlio huko: mwenye nyumba akisema msage ndani bila maji, mna haki ya kusema hapana. Tunajua kusema hapana kunaweza kumaliza kazi. Ndiyo maana tunataka majina yenu, ili hapana ya mmoja iwe ya wengi, na tuwapigie simu mafundi wenyewe tukijua tunasema kwa niaba ya watu wangapi.

Mwenye mtoto, ndugu au mume aliyeko kwenye kazi ya mawe ya jikoni, Goma, Butembo, Kampala, popote, atuletee jina lake, mwaka alioanza, na miaka aliyochimba kabla ya kuondoka. Tunapokea kila Jumapili baada ya ibada. Daftari limeanza wiki iliyopita na lina majina kumi na moja. La kwanza lililetwa na mama yake kijana yule, yeye mwenyewe alishindwa kupanda mpaka kwetu.